Kuweka jengo la uwanja wa ndege wa kwenu ndani ya FlightGear: mwongozo kamili

Kuna mtu amechora hanga la ndege kwa wiki tatu. Mabati ameyapa kutu, mlango wa kusukuma ameutilia reli, hata mapipa ya mafuta yapo pembeni. Akaliingiza kwenye FlightGear, ile simuleta ya bure ya kurusha ndege kwenye kompyuta, halionekani. Mwingine lake linaonekana, ila linaelea juu ya uwanja kama kishada. Wa tatu lake limekaa vizuri, limependeza, akalituma liwafikie watumiaji wote, likarudishwa. Nimeulizwa maswali haya mara nyingi mno, sasa naandika jibu moja refu.

Karibu wote wameteleza mahali pamoja: wameanza na kuchora. Kuchora ndiko kunakonoga, kwa hiyo mtu anamaliza pumzi yote huko, halafu anafika kwenye namba za mahali na majina ya faili akiwa hoi. Hapa tunageuza mpango. Tunaweka kwanza boksi tupu, lisilo na rangi, mahali pake hasa. Boksi likitulia ndipo tunachora.

Mfano wangu ni Zanzibar, Uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao kwa marubani ni HTZA. Kama wako ni Kisumu, Mtwara, Entebbe au Goma, badilisha namba, hatua ni zilezile. FlightGear haina kampuni inayolipa watu wachore viwanja. Kila kilichomo kimewekwa na mtu aliyejitolea, na mtu huyo akiwa Ulaya hana namna ya kujua rangi ya paa unaloliona kila ukienda kumpokea mgeni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- FlightGear yenyewe. Ni bure, lakini upakuaji wake unazidi GB 1, kwa hiyo subiri bando la usiku.
- Upakuaji wa mandhari uwe umewashwa kwenye dirisha la kuanzia. Kazi hiyo inafanywa na TerraSync, ambayo huleta ardhi na majengo kadiri unavyoruka. Eneo likishashuka mara moja linabaki kwenye kompyuta.
- Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, pamoja na kiongezo chake cha kutoa faili za AC3D, zile zinazoishia na .ac. Hakikisha kiongezo kinaendana na toleo la Blender ulilonalo. Wengi wanakwama hapa hata kabla ya safari kuanza.
- Programu ya kuhariri maandishi matupu. Notepad inatosha. Word haifai kabisa.
- Programu ya picha kama GIMP.
- Picha ulizopiga mwenyewe. Nitalirudia hili mpaka uchoke.

Onyo kuhusu picha: viwanja vingi vya ndege katika nchi zetu haviruhusu kupiga picha ovyo. Omba ruhusa, au piga ukiwa mahali pa umma panaporuhusiwa. Simuleta haina thamani ya kukufikisha kituoni kujieleza.

## Hatua ya 1: Chagua jengo dogo, tena lisilokuwepo

Usianze na jengo kubwa la abiria. Lina vioo, ngazi, madaraja ya kuingilia ndegeni, na kila kimoja ni wiki nzima. Chukua hanga la ndege ndogo, kituo cha zimamoto, au banda la mizigo. Kitu chenye kuta nne na paa.

Kisha ruka hadi hapo uone kama halipo tayari. Ndege inayofaa kwa kazi hii ni ile iitwayo ufo, ambayo huja na FlightGear. Inasimama hewani na kwenda upande wowote. Kama unaanzisha kwa amri, andika:

fgfs --airport=HTZA --aircraft=ufo

Subiri dakika chache mandhari yashuke, halafu zunguka. Ukikuta jengo lako lipo, chagua jingine. Majengo mawili mahali pamoja ni sababu ya kurudishiwa kazi bila mjadala.

Nyumba za kawaida za mitaani usizichore kabisa. Hizo hutengenezwa kwa mkupuo kutoka kwenye data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa programu iitwayo osm2city. Ukitaka mtaa wenu uonekane, nenda ukauchore kwenye OpenStreetMap kwanza, kama walivyofanya vijana wa Ramani Huria kwa kata za Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015. Nguvu zako za Blender ziweke kwa majengo ambayo rubani huyatafuta kwa macho.

Umefaulu ukiwa na jengo moja kichwani, na umehakikisha kwa macho yako kwamba mahali pake ni patupu.

## Hatua ya 2: Pata namba nne

Unahitaji latitudo, longitudo, mwinuko wa ardhi kwa mita, na mwelekeo wa jengo. Usizitoe kwenye programu nne tofauti. Zitoe ndani ya FlightGear yenyewe, kwa sababu ardhi ya simuleta haifanani na ardhi halisi mita kwa mita. Eneo la kuegeshea ndege linaweza kuwa limesogea kidogo, na jengo likiwekwa kwa namba za simu yako litakanyaga lami. Linganisha na lami unayoiona kwenye skrini.

Peleka ufo juu ya mahali ambapo katikati ya jengo patakuwa. Fungua menyu ya "Debug", kisha "Browse Internal Properties", ingia "position", soma latitude-deg na longitude-deg. Tuseme umepata -6.2190 na 39.2215. Hizi ni namba za mfano, usizinakili.

Sasa fungua "Nasal Console", dirisha la kuandikia amri, kwenye menyu hiyohiyo ya "Debug". Andika mstari huu, bonyeza "Execute":

gui.popupTip(sprintf("%.2f", geo.elevation(-6.2190, 39.2215)), 20);

Namba itatokea kwenye skrini kwa sekunde 20. Huo ndio mwinuko wa ardhi pale, kwa mita. Zanzibar utapata kitu cha karibu 16. Usipopata namba, ardhi ya eneo hilo bado haijapakiwa. Sogea hadi hapo, subiri, rudia.

Onyo: chati za urubani zinaandika mwinuko kwa futi. FlightGear inataka mita. Jomo Kenyatta pale Nairobi uko futi 5,330 hivi, sawa na mita 1,625. Ukiandika 5330, hanga lako litakuwa zaidi ya kilomita tatu na nusu juu ya uwanja, na utalitafuta chini mpaka macho yaume.

Mwelekeo upime kwa kaskazini halisi, si kaskazini ya dira. Kwetu tofauti ni ndogo, digrii chache tu, ndiyo maana watu hawaigundui, lakini hanga lililopinda digrii tatu kando ya njia ya ndege linaonekana. Geuza ufo ielekee upande unaotazamwa na mlango wa hanga, kisha soma heading-deg ndani ya "orientation". Iliyo na neno magnetic iache.

## Hatua ya 3: Jua kigae chako

FlightGear imeikata dunia vigae. Kila kigae kina namba, na faili ya kigae ndiyo inayosema majengo gani yako wapi. Ukiweka jengo kwenye faili ya kigae kisicho chake, halitapakiwa unapofika. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha kilio cha "halionekani".

Kuna hesabu ya kupata namba hiyo, lakini sioni sababu ya kuifanya kwa mkono. Rudi "Nasal Console":

gui.popupTip(geo.tile_path(-6.2190, 39.2215), 20);

Kwa mfano wetu jibu ni:

e030s10/e039s07/3593457.stg

Isome hivi: e030s10 ni folda kubwa ya digrii kumi kwa kumi, e039s07 ni folda ya digrii moja kwa moja ndani yake, na 3593457 ni kigae chenyewe; .stg ndiyo ile faili ya kigae. Usishangae kuona s07 wakati latitudo ni 6.2 kusini. Folda huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi, na kona hiyo iko digrii 7 kusini.

Chunga kigae kinapoishia. Kwenye latitudo zetu kigae kina upana na urefu wa digrii 0.125, ambazo ni kama kilomita 14. Kuna viwanja vilivyokaa juu ya mpaka, mnara uko kigae kimoja na hanga liko kingine. Ndiyo maana unauliza kwa namba za jengo, hutumii za uwanja.

## Hatua ya 4: Tengeneza boksi lenye pua

Fungua Blender. Chukua mchemraba ule wa mwanzo, upe vipimo vya jengo lako kwa mita, tuseme 20 kwa 15, kimo 6. Kisha fanya mambo matatu.

Kwanza, upande wa mlango bandika kiboksi kidogo kinachochomoza, kama pua. Boksi lisilo na pua linafanana pande zote, hutajua limegeukia wapi.

Pili, kitovu cha modeli, yaani mchoro wako, kiwe katikati ya sakafu, si katikati ya jengo. FlightGear inakishika kitovu na kukiweka kwenye mwinuko uliotoa. Kitovu kikiwa katikati ya kimo, nusu ya hanga itazama ardhini.

Tatu, bonyeza Ctrl+A na uchague kuthibitisha vipimo na mzunguko. Blender ina tabia ya kukumbuka kwamba kitu hiki kilikuwa cha mita mbili kikakuzwa mara kumi, na faili inayotoka inaweza kubeba zile mbili. Hanga langu la kwanza lilitoka dogo kuliko gari. Nilipita juu yake mara tano nikidhani halipo.

Toa faili kwa jina hanga-htza.ac. Herufi ndogo tupu, bila nafasi.

## Hatua ya 5: Folda na mstari mmoja

Mahali popote kwenye kompyuta tengeneza folda iitwayo MandhariYangu. Usiitengeneze ndani ya folda ya TerraSync, maana huko faili husasishwa kutoka kwenye seva na kazi yako inaweza kufutwa bila kuulizwa. Ndani ya MandhariYangu panga hivi:

MandhariYangu/Objects/e030s10/e039s07/

Neno Objects lina O kubwa. Ndani ya folda ya mwisho weka hanga-htza.ac, kisha unda faili ya maandishi iitwayo 3593457.stg yenye mstari huu mmoja:

OBJECT_STATIC hanga-htza.ac 39.2215 -6.2190 16.40 180.00

Mpangilio ni: aina, faili, longitudo, latitudo, mwinuko, mwelekeo. Soma tena. Longitudo imetangulia. Kule "Nasal Console" ilitangulia latitudo, huku inatangulia longitudo, na hakuna atakayekuonya. Ukizigeuza, hanga la Zanzibar linatua magharibi mwa Hispania, kusini-mashariki ya mji wa Cáceres.

Wenye Windows: Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, na Windows huficha hiyo .txt usiione. Unaona 3593457.stg kumbe ni 3593457.stg.txt. Nenda kwenye mipangilio ya folda, washa kuonyesha viambishi vya majina ya faili, uhakikishe. Kwa hesabu yangu ya kichwani, hili peke yake ni kama theluthi ya maombi yote ya msaada.

Sasa iambie FlightGear kuhusu folda yako. Kwenye dirisha la kuanzia fungua sehemu ya "Add-ons", palipo na folda za mandhari za ziada, uongeze MandhariYangu. Unaongeza folda ya juu kabisa, si Objects. Wanaotumia amri waongeze --fg-scenery= ikifuatiwa na njia ya folda hiyo.

## Hatua ya 6: Tazama boksi

Anzisha tena ukiwa HTZA na ufo. Boksi jeupe liko pale? Basi kazi ngumu imekwisha, kanywe chai.

Kama halipo, fuata mpangilio huu na usiruke:

1. Jina la faili ya .stg. Je, kuna .txt iliyojificha?
2. Folda. Je, ni Objects/e030s10/e039s07, au umesahau moja?
3. Longitudo na latitudo. Je, zimegeuzwa?
4. Mwinuko. Panda juu sana utazame chini, kisha utazame juu.
5. Ukubwa. Shuka hadi sentimita chache kutoka ardhini, pale hasa ambapo kitovu kingekuwa.
6. Faili iitwayo fgfs.log. Kwenye Windows iko katika folda ya flightgear.org ndani ya AppData, kwenye Linux iko katika .fgfs ndani ya folda yako ya nyumbani. Tafuta neno hanga-htza. Modeli ikishindwa kufunguka, mara nyingi utaikuta imelalamikiwa humo.

Ukibadilisha faili huhitaji kufunga programu nzima. Menyu ya "Debug" ina "Reload Scenery". Itakuokolea jioni nyingi.

## Hatua ya 7: Geuza pua

Kwenye faili ya .stg namba ya mwelekeo haiendi kama dira. Inahesabiwa kinyume, ikianzia 180. Kanuni ni hii: chukua 180, toa mwelekeo halisi wa jengo, jibu likiwa hasi, ongeza 360.

Jengo linalotazama kaskazini, yaani 0, linaandikwa 180. Linalotazama digrii 10 linaandikwa 170. La digrii 200: 180 kutoa 200 ni hasi 20, ongeza 360, unapata 340. La digrii 90 linaandikwa 90, na hapa ndipo watu hudanganyika. Mtu anajaribu na jengo linalotazama mashariki, linakaa sawa, anaamini kanuni haipo, halafu la pili linampindukia.

Lakini kanuni inafanya kazi tu kama modeli yenyewe imechorwa ikitazama kaskazini. Ndiyo maana mstari wetu ulianza na 180.00. Tazama pua: elekeza ufo sambamba nayo, usome heading-deg. Kama pua inatazama kaskazini, vizuri. Kama inatazama pengine, usiirekebishe kwa namba ya .stg. Rudi Blender, zungusha modeli, thibitisha mzunguko kwa Ctrl+A, toa faili upya. Sababu ni kwamba hata kwa watakaopokea kazi yako, mwelekeo halisi na namba ya .stg vinatakiwa kuoana kwa kanuni ileile. Ukiwa umelazimisha kwa namba, huku kwako patakuwa sawa na kwao patapinda.

Pua ikishakaa sawa, badilisha ile 180.00 iwe namba ya kanuni kwa mwelekeo uliousoma Hatua ya 2. Umefaulu pale ambapo namba iliyoandikwa imetoka kwenye kanuni, hujaibahatisha, na pua inatazama lami.

## Hatua ya 8: Sasa chora

Hapa sina mengi, kwa sababu wengi mnajua kuchora kunishinda.

Vipimo kama huna, vitafute kwa kitu unachokijua. Mlango wa kawaida una kimo cha karibu mita 2.1. Ukuta wa tofali za saruji usiopigwa lipu ni rula tosha: tofali la inchi 6 linalofyatuliwa Tanzania huwa na urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, kwa hiyo hesabu mistari kwenye picha, zidisha, umemaliza.

Kuta zishushe mita moja au mbili chini ya sakafu. Ardhi ya simuleta haiko tambarare kama unavyodhani, na bila hiyo kona moja ya hanga itaning'inia huku mwanga ukipenya chini yake. Ikizidi, inafichwa na udongo.

Usichore usichoweza kukiona kutoka ndegeni. Rubani anakupita kwa kasi, na kompyuta yake inachora uwanja mzima kwa wakati mmoja. Mabati yachore kwa picha; usiinue kila mkunjo. Ukuta ukionekana kutoka ndani tu na nje ukatoweka, uso wake umegeuka: chagua vyote ukiwa kwenye hali ya kuhariri, bonyeza Shift+N.

## Hatua ya 9: Picha za uso wa jengo, na leseni

Hapa ndipo kazi nzuri hufia.

FlightGear inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na kila unachokituma kinaingia humo. Maana yake mtu yeyote anaweza kukitumia, kukibadilisha, hata kukiuza, mradi haki hizo hizo awaachie wanaofuata. Huwezi kutoa haki ambayo huna. Picha ya ukuta uliyoikata kwenye Google Street View si yako. Picha ya anga ya Google Earth si yako. Picha nzuri ya mabati uliyoikuta mtandaoni ina mwenyewe, hata kama hakuandika jina.

Kazi yangu ya kwanza ilirudishwa kwa swali la mstari mmoja: picha ya mlango umeitoa wapi? Nilikuwa nimeitafuta tu, nikaikuta, nikaichukua. Nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nikatoka nje na simu nikapiga picha lango la bati la jirani, kwa ruhusa yake, na nikagundua kwamba lango lile lilifanana na hanga letu kuliko ile picha ya ughaibuni.

Piga siku ya mawingu, au asubuhi kabla jua halijawa kali, ili kivuli kisigande kwenye ukuta. Simama wima mbele ya ukuta, usipige kwa mshazari. Nyuso za watu, namba za magari na namba za simu zilizoandikwa ukutani zifute.

Kusanya kila kitu kwenye picha moja ya PNG, yenye pande za 256, 512 au 1024. Kadi za michoro huzipenda namba hizo. Ipe jina linalofanana na la modeli: hanga-htza.png.

## Hatua ya 10: Fungua faili ya .ac kwa Notepad

Watu hawafanyi hivi, na wanapaswa. Faili ya .ac ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza unaanza na AC3D. Tafuta neno texture. Ukiona hivi:

texture "hanga-htza.png"

uko salama. Ukiona njia ndefu inayoanza na C:\Users na jina lako, kwako jengo litakuwa na rangi na kwa wengine wote litakuwa jeupe, kwa sababu hawana folda zako. Futa njia yote, acha jina la faili, hifadhi.

Tazama pia herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama umeandika Hanga-HTZA.PNG. Linux inajali.

Njia ya kujipima: nakili folda ya MandhariYangu kwenye flashi, ipeleke kwenye kompyuta ya mwenzako, itazame huko. Kama huna mwenzako mwenye FlightGear, hamisha picha za asili kutoka mahali pake uzifiche, kisha anzisha upya. Jengo likibaki na rangi, liko tayari.

## Hatua ya 11: Tuma

Kazi hupelekwa kwenye hifadhidata ya mandhari ya FlightGear, kwa fomu. Jengo lako ni la aina ya static, yaani lipo mahali pamoja duniani. Zile za shared ni vitu vya kurudiwarudiwa kama matangi na magari ya zimamoto. Ukihitaji vya namna hiyo, tumia vilivyopo tayari.

Andaa faili tatu: hanga-htza.ac, hanga-htza.png, na picha ndogo ya kutambulisha iitwayo hanga-htza_thumbnail.jpeg, yenye upana wa 320 na kimo cha 240. Picha hiyo ipige ndani ya simuleta, jengo likiwa mahali pake, mchana. Usipige ndani ya Blender. Mkaguzi anataka kuona limekaaje.

Kwenye mwelekeo soma kwanza fomu inataka nini, mwelekeo halisi uliousoma kwenye heading-deg au ile namba ya .stg, uandike inayoombwa. Kwenye maelezo sema ni jengo gani, uwanja gani, na picha za uso umezipataje. Sentensi mbili zinatosha: "Hanga la ndege ndogo, HTZA, upande wa mashariki wa eneo la maegesho. Picha zote nimepiga mwenyewe." Andika kwa Kiingereza chochote ulicho nacho. Hakuna anayesahihisha sarufi.

Kisha subiri. Wanaokagua ni watu wanaojitolea kama wewe, wana kazi na watoto. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki. Usitume mara ya pili kwa sababu kimya kimekuwa kirefu; unawaongezea foleni. Ukirudishiwa, rekebisha kilichotajwa tu. Usiongeze madirisha mapya njiani, maana ukaguzi utaanza upya.

## Kama kilichoharibika ni njia ya kurukia

Wengine wanataka kurekebisha lami yenyewe: njia ya kurukia ni fupi kuliko ilivyo, au njia ya kuingilia haipo. Jengo halitibu hilo. Mpangilio wa lami huchorwa kwa programu iitwayo WorldEditor, hutumwa kwenye X-Plane Scenery Gateway, na FlightGear huchukua data kutoka huko. Ni njia ndefu, na ardhi ya simuleta hujengwa upya mara chache, kwa hiyo usitegemee kuyaona mabadiliko mwezi huohuo.

## Hatua ya 12: Ondoa nakala yako

Ukishapokea taarifa kwamba jengo limekubaliwa, bado hutaliona kwenye TerraSync siku hiyohiyo. Huandaliwa kwanza, kisha husambazwa.

Likishafika, utaona ajabu: kuta zinametameta, bati linatokea na kutoweka ukisogea. Halijaharibika. Una mahanga mawili mahali pamoja, la kwako na la seva, na kadi ya michoro haijui lichorwe lipi juu. Nenda kwenye "Add-ons", iondoe MandhariYangu, anzisha upya HTZA na ufo, shuka mbele ya mlango. Hanga likiwa bado limesimama pale, hilo ni la seva, na ndilo atakaloliona kila anayetua Zanzibar.